Jinsi ya kuchagua na kufunga king'ora cha rimoti kwenye pikipiki

PIKIPIKI ya kubeba abiria mjini Malindi huachwa peke yake mara nyingi kwa siku moja: nje ya msikiti wakati wa swala, mbele ya duka, kando ya hospitali, au langoni mwa hoteli mwenyewe anapoingia kumwita mteja. Dakika hizo chache zinamtosha mwizi.

Hasara yake si ndogo. Pikipiki mpya ya kazi hii hugharimu zaidi ya Sh150,000, na nyingi hununuliwa kwa mkopo. Pikipiki ikiibwa, deni hubaki palepale ilhali chombo cha kulilipa kimetoweka.

Ndiyo sababu wahudumu wengi wa bodaboda hununua king'ora cha rimoti, kifaa ambacho pia huweza kuwasha injini mwenyewe akiwa kando. Wengine humpelekea fundi akifunge, na wengine hujifungia wenyewe ili kuokoa ada ya ufundi.

Kazi hii inawezekana kwa mtu mwenye subira na vifaa vinavyofaa. Hata hivyo, waya mmoja ukiunganishwa pasipofaa unaweza kuunguza kifaa cha CDI, kuzima injini barabarani au kuiruhusu pikipiki iruke mbele bila mpandaji.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Stata ya umeme ya Charles Kettering iliwekwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912 nchini Marekani, na ikawaondolea madereva taabu ya kuzungusha injini kwa mkono. Rimoti ya leo hufanya kazi ya kitufe kilekile, ila kwa mawimbi ya redio.

Nchini Kenya, soko la vifaa hivi lilipanuka pamoja na bodaboda zenyewe, hasa baada ya serikali kuondoa kodi ya VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc mwaka 2008.

VILIVYOMO KWENYE PAKITI

Pakiti ya kawaida huwa na kisanduku cha kudhibiti, kipaza sauti cha king'ora, rimoti mbili na fungu la nyaya lenye soketi. Ndani ya kisanduku mna kihisi cha mtikisiko, ambacho hutambua pikipiki inapoguswa au kusukumwa.

Mtambo hufanya kazi nne. Hupiga kelele pikipiki ikitikiswa, hukata moto wa injini ili isiwake, humulika indiketa ili mwenyewe aione pikipiki yake miongoni mwa nyingine, na huwasha injini kwa kubonyeza rimoti.

Katika kazi hizo nne, ile ya kukata moto ndiyo muhimu zaidi. Kelele huweza kupuuzwa, lakini injini isiyowaka humlazimu mwizi asukume pikipiki au aibebe.

Kuwasha kwa rimoti ndiko kwenye manufaa madogo zaidi hapa Pwani. Katika nchi za baridi kali, watu huwasha magari wakiwa ndani ya nyumba ili injini ipate joto kabla ya safari. Malindi haina baridi ya namna hiyo hata alfajiri, na injini ndogo ya pikipiki huwa tayari kwa muda mfupi. Anayenunua na aupime mtambo kwa ubora wa ulinzi wake kwanza, na kuwasha kwa rimoti akuhesabu kuwa nyongeza tu.

MAMBO YA KUZINGATIA UNAPONUNUA

Kwanza ni aina ya rimoti. Rimoti za bei nafuu hutuma nambari ileile ya siri kila zinapobonyezwa. Mtu aliye karibu na kifaa cha kunasa mawimbi anaweza kuirekodi nambari hiyo na kuitumia baadaye. Chipu za EV1527 na PT2262 ni za kundi hili, na jina la chipu mara nyingi husomeka rimoti ikifunguliwa.

Rimoti bora hubadilisha nambari kila inapobonyezwa. Mfumo mmoja maarufu wa aina hiyo ni KeeLoq, uliobuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1980 na kununuliwa na kampuni ya Microchip ya Marekani mwaka 1995. Watafiti walionyesha mwaka 2008 kwamba nao unaweza kuvunjwa, lakini kazi hiyo huhitaji ujuzi na vifaa ambavyo mwizi wa mtaani kwa kawaida hana.

Pili ni masafa ya redio. Vifaa vidogo vya aina hii katika eneo letu, kama ilivyo Ulaya, hutumia megahezi 433.92. Vile vya megahezi 315 vilitengenezewa masoko kama Marekani na Japani. Vifaa vya mawasiliano ya redio nchini huidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kwa hivyo ni vyema kumuuliza mwuzaji kuhusu idhini hiyo.

Tatu, hakikisha mtambo hauwezi kukata moto injini ikiwa inafanya kazi. Baadhi ya vifaa husifiwa kwamba humzima mwizi akiwa njiani. Kitufe hicho kikibonyezwa kwa bahati mbaya mfukoni, pikipiki itazimika katikati ya barabara kuu ya Malindi na Mombasa, basi likiwa nyuma yake.

Nne, kihisi cha mtikisiko kiwe kinaweza kupunguzwa ukali. King'ora kinacholia kila lori linapopita au upepo wa kusi unapovuma huzoeleka haraka. Majirani wakishakizoea, hakuna atakayetoka nje siku ya wizi wenyewe.

Tano, kagua kama kisanduku kimezibwa vyema dhidi ya maji, na kama mchoro wa nyaya umo ndani ya pakiti. Pakiti isiyo na mchoro isinunuliwe, kwa kuwa rangi za nyaya hutofautiana kati ya watengenezaji.

KABLA YA KUGUSA WAYA

Ikiwa pikipiki bado ina mkopo, soma mkataba kwanza. Wakopeshaji wengi huweka kifaa cha kufuatilia mwendo wa pikipiki, na kukata waya wake kunaweza kuhesabiwa kuwa uvunjaji wa mkataba. Ikiwa ingali chini ya dhamana ya mwuzaji, uliza kama kukata nyaya kutaifuta dhamana hiyo.

Pikipiki isiyo na stata ya umeme, ile ya kupigwa teke pekee, haiwezi kuwashwa kwa rimoti. Hiyo itafaidi king'ora na ukataji wa moto tu. Zile zinazotumia kompyuta kupima petroli zipelekwe kwa fundi aliyezisomea.

Vifaa vinavyohitajika ni spana, bisibisi, koleo, kisu cha kumenya waya, chuma cha kulehemu na risasi yake, mirija ya plastiki inayonywea kwa joto, vifungo vya plastiki, na mita ya umeme ya tarakimu. Mita ndiyo kifaa cha lazima kuliko vyote, kwa sababu kukisia waya kwa rangi ndicho chanzo kikubwa cha uharibifu.

Pima betri kabla ya kazi. Betri nzima iliyopumzika huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Injini ikinguruma, kipimo kipande hadi kati ya volti 13.5 na 14.5. Kama hakipandi, mfumo wa kuchaji una hitilafu na urekebishwe kwanza.

Hakikisha pia kwamba taa, honi, indiketa na stata vinafanya kazi. Bila ukaguzi huo, utakapopata kasoro baadaye hutajua kama umeisababisha wewe au ilikuwapo.

HATUA ZA KUFUNGA

1. Ondoa kiti na vifuniko vya ubavuni. Fungua waya wa hasi wa betri kabla ya ule wa chanya.

2. Tafuta mahali pa kisanduku chini ya kiti, mbali na injini na ekzosi. Kikae soketi yake ikitazama chini ili maji yasikusanyike ndani. Kipaza sauti nacho kielekezwe chini.

3. Unganisha waya wa hasi wa mtambo moja kwa moja kwenye ncha ya hasi ya betri. Fremu iliyopakwa rangi au yenye kutu haipitishi umeme vizuri.

4. Unganisha waya wa chanya kwenye betri kupitia fyuzi, na fyuzi iwe karibu na betri. Waya ukikwaruzwa na kugusa fremu, fyuzi itakatika kabla moto haujazuka. Usiweke fyuzi kubwa kuliko ilivyoagizwa kwenye pakiti.

5. Tafuta waya unaopata umeme ufunguo unapowashwa na kuukosa unapozimwa. Utahitaji kurudisha betri kwa muda ili kuupima kwa mita. Huo ndio utakaounganishwa na waya wa ufunguo wa mtambo.

6. Unganisha nyaya mbili za indiketa, mmoja upande wa kushoto na mwingine wa kulia. Usizifunge pamoja, la sivyo indiketa za pande zote mbili zitamulika kila unapokata kona.

7. Lehemu kila kiungo kwa risasi, kisha kifunike kwa mrija wa kunywea. Waya uliosokotwa tu na kuzungushiwa tepu hulegea kwa mtetemo wa barabara ya vumbi ya kwenda Marafa.

8. Funga nyaya kwenye fremu kwa vifungo vya plastiki. Zungusha usukani kushoto na kulia hadi mwisho na uhakikishe hakuna waya unaovutwa au kubanwa.

9. Rudisha waya wa chanya wa betri kwanza, na wa hasi mwisho.

Waya wa kukata moto na ule wa stata usiuunganishe mpaka hatua hizi zote zimejaribiwa na kufaulu.

KUKATA MOTO WA INJINI

Hapa ndipo wengi huunguza vifaa. Kifaa cha CDI, kinachotuma cheche kwenye plagi, ni cha aina mbili, na kila aina huzimwa kwa njia yake.

Aina ya kwanza hupata nguvu kutoka kwa betri. Huzimwa kwa kukatiza waya wa chanya unaoilisha. Mtambo wa king'ora hukaa katikati ya waya huo, nao huufungua pale tu mwenyewe anapokubali.

Aina ya pili hupata nguvu kutoka kwa koili iliyo ndani ya injini. Hii huzimwa kwa kuunganisha waya wake wa kuzimia na hasi.

Ukitumia njia ya pili kwenye CDI ya aina ya kwanza, utakuwa umeunganisha chanya na hasi. Fyuzi itakatika, na pasipo na fyuzi, nyaya zitaungua. Kwa hivyo mchoro wa pikipiki yenyewe ni lazima uangaliwe, na si wa pikipiki inayofanana nayo.

KUWASHA KWA RIMOTI

Waya wa kuwashia huunganishwa na waya mwembamba unaotoka kwenye kitufe cha stata kuelekea kwenye rilei. Usiunganishwe kamwe na kebo nene ya stata, kwa sababu umeme unaopita humo ni mwingi kupita uwezo wa kisanduku.

Pima waya huo kwa mita huku kitufe kikibonyezwa. Baadhi ya pikipiki hutuma chanya na nyingine hutuma hasi. Mtambo wa chanya kwenye pikipiki ya hasi huhitaji rilei ya ziada.

Ikiwa pikipiki ina swichi ya usalama ya klachi au ya gia, unganisha kwa namna ambayo swichi hiyo itabaki njiani. Injini itakataa kuwaka gia ikiwa ndani, na hilo ndilo linalotakikana.

Pikipiki nyingi za kazi hazina ulinzi huo. Rimoti ikibonyezwa huku gia ikiwa ndani, stata huisukuma pikipiki mbele, na injini ikiwaka huweza kuondoka yenyewe. Mtoto anayecheza karibu nayo hana nafasi ya kukimbia. Mwenye pikipiki ya aina hii aache waya wa stata bila kuunganishwa, auzibe ncha na kuridhika na ulinzi uliobaki.

Hatari ya pili ni ya usiku. Wahudumu wengi huingiza pikipiki ndani ya nyumba wanapolala. Rimoti ikibanwa mfukoni au kuchezewa na mtoto, injini huwaka chumbani na kutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Katika chumba kilichofungwa, gesi hiyo huua watu wakiwa usingizini.

Kwa sababu hiyo, pikipiki inayolala ndani isiunganishwe waya wa stata hata kidogo.

KUJARIBU NA KUPIMA

Fanya majaribio ya kwanza nje, pikipiki ikiwa imesimamishwa kwa stendi ya kati, gurudumu la nyuma likiwa hewani na gia ikiwa huru. Funga kwa rimoti, kisha itikise. Baada ya hapo washa ufunguo ujaribu kuwasha injini, isiwake.

Fungua kwa rimoti na uwashe. Injini ikinguruma, bonyeza vitufe vyote kimoja kimoja. Kama kimojawapo kinaizima, rekebisha kabla ya kuingia barabarani.

Mwisho pima umeme unaoliwa pikipiki ikiwa imezimwa. Ondoa waya wa hasi wa betri na uweke mita kati yake na betri, ukianzia kipimo cha ampea 10. Usibonyeze stata wakati huo, kwani fyuzi ya mita itakatika.

Hesabu yake ni hii: mtambo unaokula miliampea 20 hutumia karibu ampea-saa 0.5 kwa siku. Betri ya ampea-saa 5 itapungua kwa nusu katika siku tano. Anayesafiri kwa wiki nzima na auzime mtambo au aondoe waya wa hasi.

CHUMVI NA MVUA

Hewa ya bahari ni adui wa nyaya kutoka Watamu hadi Ngomeni. Chumvi hugeuza shaba kuwa ya kijani, kiungo hukosa kupitisha umeme, na mtambo huanza kulia ovyo au kukataa rimoti.

Pakaa grisi ya umeme kwenye soketi na ncha za betri. Kila waya uteremke kidogo kabla ya kupanda kuingia kisandukuni, ili matone ya mvua yaangukie chini badala ya kufuata waya hadi ndani. Kagua viungo kabla na baada ya mvua ya masika, na usielekeze mpira wa maji chini ya kiti unapoosha.

KASORO ZA KAWAIDA

King'ora kikilia bila kuguswa, punguza ukali wa kihisi, kisha kagua volti za betri. Rimoti isipofika mbali, badilisha betri yake kwanza. Injini ikiwaka na kuzimika papo hapo, chunguza kiungo cha waya wa CDI.

Fyuzi ikikatika mara kwa mara, usiweke kubwa zaidi wala kuifunga kwa karatasi ya sigara. Kuna waya uliomenyeka unaogusa fremu, nao lazima utafutwe.

KELELE, POLISI NA MNYORORO

Chagua sauti isiyofanana na ya gari la polisi au ambalansi. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, huweka viwango vya chini zaidi usiku katika maeneo ya makazi, hivyo king'ora kinachojizima baada ya muda mfupi ni bora kuliko kisichonyamaza.

Baadhi ya wezi hutumia vifaa vya kuvuruga mawimbi ili rimoti isifike. Usiondoke kabla ya kusikia mlio na kuona indiketa zikimulika.

King'ora hakichukui nafasi ya mnyororo. Watu wawili wanaweza kuipakia pikipiki kwenye gari huku ikilia. Mnyororo mzito uliofungwa kwenye mti au nguzo huzuia hilo, na vitu hivyo viwili pamoja humfanya mwizi aitazame pikipiki nyingine.

Andika nambari za chesisi na injini na uzihifadhi nyumbani pamoja na rimoti ya pili. Pikipiki ikiibwa, piga ripoti mara moja katika kituo cha polisi na upewe nambari ya OB, ambayo kampuni ya bima na mkopeshaji wataitaka.

Jambo la mwisho ni kuacha njia ya kurudi nyuma. Unapokatiza waya wa CDI, tumia soketi zinazoweza kuchomolewa na kuunganishwa upya kama zilivyotoka kiwandani, na uzifiche pasipoonekana kwa urahisi. Betri ya rimoti ikifa saa tatu za usiku kando ya Mambrui, mwenye pikipiki atafungua kiti, aunganishe soketi hizo na kumfikisha abiria wake nyumbani.